Kawa Kwenye Msumari

Inspekta Riyama Ubwa alivua viatu kwenye ngazi ya kituo cha afya cha Kitogoni, kama anavyofanya kila mtu wa Unguja aliyelelewa akaleleka, akatia mguu ndani na papo hapo akaganda. Mbele ya kidole gumba chake, juu ya sakafu ya saruji nyekundu, palikuwa na alama nyeupe ya kiatu. Ilikuwa haijafifia wala kukanyagwa. Mistari ya soli ilionekana yote, imelala mshazari kama ya mkeka.

"Simameni hapo hapo," aliwaambia wawili waliokuwa wakimfuata.

Wa kwanza alikuwa Kazija, muuguzi, msichana wa Tumbatu aliyehamishiwa pwani hii ya mashariki miezi minne nyuma, ambaye hapo kituoni ndiye daktari, ndiye mkunga, ndiye mgawa dawa na ndiye mpiga deki. Wa pili alikuwa Mzee Ahmada, mlinzi, mzaliwa wa Kitogoni, mshika ufunguo wa pili. Wote wawili walisimama, lakini Mzee Ahmada mdomo wake ulikuwa umeshaanza kazi.

"Mzungu huyo," alisema, na hakuna aliyemuuliza.

Riyama alichuchumaa. Kilichomtoa mjini asubuhi hiyo ya Alhamisi kilikuwa kitu kimoja: mashine ya oksijeni ya kituo imepotea. Ilikuwa moja tu, na haikuletwa na serikali wala mfadhili. Waliichangia wanawake wa mwani wa Kitogoni, mwaka wa kwanza wa korona, baada ya kuwazika wenzao watatu katika wiki moja. Tangu hapo daftari la kituo lilikuwa na watu kumi na mmoja walioandikwa "kifua", walioingia wamebebwa wakatoka kwa miguu yao. Jumanne mchana mashine ilikuwa pale karibu na kitanda. Kazija akaenda kijiji cha pili kupima wajawazito, akarudi magharibi asiikute. Alfajiri ya Jumatano Bi Sichana, mmoja wa hao hao walioichangia, akaanza kuitafuta pumzi bila ya kuipata.

Hospitali ya mjini ilisema vitanda vimejaa, isubiriwe simu. Simu ilikuwa bado haijapigwa. Kwa hiyo alichokuja kukitafuta Riyama, kwa maneno ya kweli, ilikuwa pumzi ya mtu, na mtu mwenyewe alilala nyumba ya sita kutoka hapo.

Aliipima alama kwa mkono. Shubiri moja na vidole viwili. Akaipiga picha kwa simu, akagusa ule weupe na kuusaga baina ya vidole. Chokaa.

"Ngazi ilipakwa lini?"

"Jumatatu," Kazija alijibu. "Jumanne ilikuwa bado inashika miguu. Na mimi tangu siku hiyo sijapiga deki humu. Sikutaka mtu aje aniambie nimefuta."

Riyama alimtazama kwa jicho jipya. Kuna maaskari wenye nyota mabegani wasiojua hilo.

Alama za kuingia zilikuwa nyepesi, za kutoka nzito, na kando ya hizi za kutoka ilikwenda mistari ya magurudumu madogo. Kufuli zima, bawaba nzima. Mtu mmoja, mwenye miguu midogo, aliingia kwa ufunguo, akaikokota mashine mpaka ngazini, na hakuvua viatu. Hilo la viatu ndilo lililoamua kesi kijijini kabla polisi hawajafika. Nani aingie ndani na viatu, asiwe mgeni wa Matumbawe?

Matumbawe ni vibanda sita vya kifahari mwisho wa ufukwe, vya makuti juu na marumaru chini. Kila Disemba wageni hushuka hapo kukimbia baridi ya kwao, na miaka hii miwili walikimbia baridi na kufungiwa majumbani kwa pamoja. Hukaa mpaka masika yanukie. Huko kwao barakoa, huku kifua wazi, na Kitogoni ilishachoka kuhesabu nani alikohoa baada ya kuchekeana na mgeni gani dukani.

Mzee Ahmada aliieleza hadithi yake vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Jumanne alasiri alikwenda kusali, aliporudi aliona gari jeupe likiondoka, na ndani yake Mzungu mwenye nywele ndefu. Alimwona kwa macho yake akishuka ngazi.

"Alivaa nini miguuni?" Riyama aliuliza.

"Malapa, afande. Hawa wa Matumbawe wote ni malapa tu. Wengine peku."

"Wote?"

"Tangu vibanda vimejengwa sijamwona hata mmoja na kiatu."

Riyama aliliandika neno "malapa" kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Akainuka kutazama ukuta. Pale ilipokuwa mashine palibaki msumari uliokuwa ukitundikwa waya wake, na kwenye msumari huo sasa lilining'inia kawa, jipya, la ukili mweupe, ukingo wake umetiwa nyekundu na nyeusi kwa zamu. Lilikuwa kawa la kumfunikia mgeni wa heshima sahani ya pilau, na hapo lilikuwa limekaa pasipo pake kabisa.

Kazija alisema alilikuta Jumanne hiyo hiyo, akadhani mgonjwa kalisahau. Mzee Ahmada alisema hapana, ni lake, la kufunikia chakula chake cha mchana. Riyama alitoa kichwa nje. Chakula cha mchana cha Mzee Ahmada kilikuwa kwenye benchi lake, kimefunikwa kwa sahani ya bati.

Hilo nalo aliliandika, na ukuta akaupiga picha.

Simu yake ikalia. Alikuwa Mrakibu Wakil, mkuu wake, na salamu zake zilikuwa fupi. Mwenye Matumbawe keshapiga simu mara mbili kulalamika kuwa wageni wake wanasingiziwa. Wageni wale ndio waliobaki pwani nzima, na Riyama asitie mguu huko. Aandike wizi wa mtu asiyejulikana, awe mjini kabla ya saa nane.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, afande."

Na kweli alimsikia. Hakuulizwa zaidi ya hapo.

*

Nyumbani kwa Bi Sichana walipiga hodi, wakaitikiwa na sauti kali. Mwenye sauti alikuwa Mwatum, binti yake, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyokakamaa kwa chumvi. Alikuwa amemkalisha mama yake kitandani, kamuegemeza kifuani mwake, kwani akilazwa tu hewa humkata. Chumba kilinuka mchaichai na mwarobaini wa kujifukizia. Bi Sichana alitaka kuitikia shikamoo ya Riyama, akafika nusu ya marahaba, akaacha.

Kazija alimbana kidole kwa kile kidude kinachosoma hewa ya damu. Riyama alisubiri. Alikuwa ameona maiti wengi katika kazi yake, lakini kumtazama mtu mzima akipigania kitu ambacho kuku uani anakipata bure kulimtia hasira ambayo hakuijua aielekeze wapi.

"Themanini na nne," alisema Kazija. "Jana jioni ilikuwa themanini na nane."

"Na inatakiwa ngapi?"

"Tisini na tano. Ikifika themanini nitakuwa sina la kufanya ila kumshika mkono." Alikitia kidude mfukoni. "Nna dawa za kichwa, nna mafuta ya kuchua. Ndivyo nilivyonavyo."

Mwatum ndiye aliyeligeuza neno. "Nyinyi polisi mmekuja kuandika," alisema. "Andikeni basi. Andikeni kwamba sisi tumesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, tukakinunua wenyewe kitu cha kutuokoa, na tumeibiwa. Andikeni na jina la mama yangu mapema, mkiweza."

Riyama alifunga daftari lake. Alitoka uani apate kufikiri. Pembeni ya ua palikuwa na kibanda cha kikundi cha wanawake wa mwani, mlango wazi, na ukutani misumari imepangwa safu. Yalitundikwa masufuria ya shughuli, yale makubwa ya kupikia arusi na hitima, miko, makarai, na majamvi yaliyokunjwa. Msumari wa tatu haukuwa na sufuria. Ulikuwa na kawa.

Alilitazama muda mrefu kuliko linavyostahili kawa kutazamwa. Mwatum alipotoka kuchota maji, alimuuliza kwa sauti ya mtu anayepitisha wakati, sufuria la hapa liko wapi.

"Kaazima Saadiya, ana hitima ya mumewe. Si kawa lake hilo?"

"Kwa nini ameacha kawa?"

Mwatum alimshangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una tundu la ufunguo. Alimweleza hivyo hivyo akiwa na ndoo mkononi. Hapa Kitogoni vitu vya wote havina daftari. Mwenye haja huja akachukua, akatundika kawa alilolisuka mwenyewe, na kila mwanamke husuka ukingo wake, haufanani na wa mwenziwe. Ukiliona unajua kitu kiko kwa nani. Na mwenye kuacha kawa haulizwi mpaka Ijumaa baada ya sala. Ni aibu kumuuliza, ni kama kumwita mwizi.

"Na kama kitu kimehitajika kabla ya Ijumaa?"

"Unalichukua kawa lake, unampelekea mlangoni. Akiliona tu, anakirudisha hapo hapo. Hapana maneno."

Riyama alitoa simu, akamwonesha picha ya ukuta wa kituo. Alikuwa tayari kumshuhudia Mwatum akikasirika. Hakuwa tayari kumwona anavyoiweka ndoo chini polepole, kama mwenye mtoto mchanga mkononi.

"Hili liko kituoni?"

"Tangu Jumanne."

"Ukingo huu ni wa Radhiya," alisema Mwatum. "Radhiya, mpwa wa Mzee Ahmada."

"Anafanya kazi wapi?"

"Matumbawe. Leo siku ya tatu hajarudi kwao. Wafanyakazi wamefungiwa kule, ati wasije wakawapelekea wageni maradhi yetu."

Riyama hakuhitaji kumuuliza anavaa nini miguuni. Kwenye ufukwe ambao wageni wanatembea kwa malapa na wenyeji wanavua mlangoni, anayekwenda na kiatu cha kufunga kuanzia asubuhi hadi jioni, ndani na nje, ni mtu mmoja tu: mtumishi, aliyelazimishwa kuvaa sare. Radhiya alikuja mbio kutoka kazini, akasahau kilicho miguuni mwake, lakini hakusahau kutundika kawa. Mwizi haachi jina lake ukutani. Mwenye kijiji chake ndiye anayeacha.

Na kijiji kilimfanyia nini? Watu wawili watatu walioliona kawa walinyamaza, kwa adabu, wakisubiri Ijumaa. Walimtupia Mzungu lawama ili polisi wasimguse mtoto wao. Adabu hiyo nzuri ilikuwa karibu kumuua Bi Sichana.

*

Mzee Ahmada alikiri mara tu Riyama alipoliweka daftari mbele yake na kumsomea neno lililopigiwa mstari. Hakulia wala hakujitetea. Radhiya ni mtoto wa dada yake. Alikuja anatweta, akasema kuna mtu anakata roho Matumbawe, akaapa mashine itarudi kabla ya Ijumaa. Siku hiyo Kitogoni hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Mzee akafungua mlango, na Jumatano Bi Sichana alipoanguka, alituma salamu Matumbawe mara tatu, zikarudishwa getini.

"Ungesema jana," Riyama alimwambia.

"Ningesema, mngemfunga pingu."

Riyama alivaa glavu, akalitoa kawa msumarini, akalifunga kibandiko cha karatasi chenye maandishi ya kalamu nyeusi: Kielelezo namba moja. Halafu, kinyume na kila alichofundishwa chuoni, akampa Mwatum alishike. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kulipeleka mlangoni, hakuwa mtu wa polisi.

Walikwenda kwa miguu watatu: Riyama, Kazija na Mwatum, aliyemwacha mama yake ameegemea kifua cha jirani. Lakini walipopita kwenye vichanja vya kuanikia mwani, mwanamke mmoja aliliona kawa mkononi mwa Mwatum akauacha mwani wake, akafuata. Halafu mwengine. Hakuna aliyewaita na hakuna aliyeuliza. Walipofika getini walikuwa kumi na tisa, kanga zimelowa mpaka magotini, na Riyama, aliyekatazwa kutia mguu, alijiona ametia miguu thelathini na minane.

Meneja alikuwa Abrahman, mtu wa mjini, shati limepigwa pasi, barakoa mpya. Alimwelekezea Riyama kipima joto pajini mwa uso kama bastola.

"Thalathini na sita na nusu," alisoma. "Ahsante. Lakini siwezi kukuruhusu, Inspekta. Ni kwa usalama wa afya za wageni. Hawa," akawaonesha wanawake kwa kidevu, "ndio kabisa."

"Sina homa," alisema Riyama. "Nna swali. Mashine ya kituo cha afya iko wapi?"

"Mashine gani?" Akashusha sauti. "Dada yangu, mimi na wewe watu wa mjini. Bosi wako na bosi wangu washazungumza. Kwa nini tujitie mashakani?"

Riyama hakumtazama. Alikuwa akivitazama vibanda. Vitano madirisha yake yalikuwa wazi, mapazia yanapepea. Cha sita, cha mwisho, kilikuwa kimefungwa gubigubi saa sita ya mchana wa kaskazi, mwezi ambao hata paka hutafuta upepo. Kazija alimshika mkono.

"Sikiliza," alinong'ona.

Kutoka kwenye kibanda kile ilitoka sauti ndogo, ya kuhema na kutema, kuhema na kutema, bila ya kuchoka.

"Hiyo ndiyo yangu," alisema Kazija. "Naijua pumzi yake."

Abrahman alianza kusema habari ya kiyoyozi. Hakumaliza. Mwatum alipita kando yake, akasimama mbele ya baraza ya kibanda cha sita, akaliinua kawa kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, na hakusema neno. Wanawake kumi na sita nyuma yake hawakusema neno. Riyama alisikia mashine na bahari.

Mlango ulifunguliwa. Alitoka mwanamke kijana mwenye sare ya buluu, macho mekundu, na miguuni viatu vyeusi vya kufunga ambavyo mishono yake ilikuwa bado ina chokaa. Aliliona kawa, akaufunika mdomo kwa mkono.

"Naam," alisema, ingawa hakuna aliyemwita. "Langu hilo."

"Mama hana pumzi, Radhiya," alisema Mwatum. "Tangu jana."

Radhiya alikaa chini pale pale kwenye baraza. "Sikuambiwa," alisema. "Wallahi sikuambiwa. Jana nilitaka kuirudisha, meneja akanifungia geti."

Yaliyobaki Riyama aliyapata kwa maswali mafupi. Ndani alilala Bibi Irena, mjane wa miaka sabini na nne, mgeni wa msimu wa sita, na misimu yote sita alihudumiwa na Radhiya. Jumatatu alishikwa na homa, Jumanne midomo ikawa ya buluu. Abrahman alikataza asiitwe muuguzi, kwani habari ikitoka kwamba Matumbawe kuna mgonjwa, vibanda vitano vingebaki vitupu kabla ya jioni. Akamwambia Radhiya atafute njia. Radhiya akaijua njia moja tu, ya kwao. Baadaye meneja akamwambia Bibi Irena kuwa mashine ni ya Matumbawe, ya huduma kwa wageni.

Kazija alishaingia ndani. Alivua malapa yake mlangoni, akambana bibi kidole, akasoma tisini na tano, akautoa mpira puani kwa dakika moja, akasoma tisini, akaurudisha. Halafu akainama nyuma ya mashine, na alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

"Inspekta, njoo uone. Mashine hii ina matundu mawili. Tundu moja mgonjwa mmoja, la pili mgonjwa mwengine. Siku mbili hizi tundu la pili limezibwa kwa kifuniko."

Abrahman alisimama mlangoni. Alisema mgeni wake hawezi kulazwa kwenye kituo cha kijiji, chenye kitanda cha chuma na mbu. Aachiwe mashine mpaka jioni tu, wakubwa wazungumze.

"Kituo hakimfuati mgonjwa," Kazija alimwambia. Hakupandisha sauti. "Mgonjwa ndiye anayekwenda kituoni. Akina mama hawa wote wanakuja kwangu kwa miguu. Na huyu atakuja, kwa gari lako. Dakika kumi bila mpira ataziweza, nshampima."

Bibi Irena, ambaye misimu sita ilimpa Kiswahili cha sokoni, aliinua mkono wenye mishipa, akaielekezea mashine kidole, akawatazama wanawake waliojaa dirishani.

"Yao?" alimuuliza Radhiya.

Radhiya alitikisa kichwa kuitikia. Bibi kizee akautoa mpira puani mwenyewe. Kazija akamrudishia kwa kumkaripia, kama anavyokaripia wagonjwa wote, mpaka gari lilipoletwa. Na nyuma ya gari Riyama aliamuru lipakiwe jenereta dogo la kibanda cha sita, maana umeme wa Kitogoni hukatika mtu akipiga chafya.

Simu ikalia tena.

"Nilikwambia nini?" alisema Mrakibu Wakil.

"Uliniambia nisiwasumbue wageni, afande. Sijawasumbua. Mmoja nampeleka akatibiwe."

"Mwizi ni nani?"

"Aliyezuia mashine isirudi. Huyo nnaye, ndiye anayeendesha gari."

"Nimeambiwa ni msichana wa kazi. Nakuja mwenyewe. Nataka huyo msichana na kielelezo, vyote viwili, mkononi."

*

Bi Sichana alipolazwa kituoni kidude kilisoma themanini na moja. Kazija alifungua tundu la pili kwa meno, kwa kuwa kifuniko kilikaza, akaunga mpira, akaupima mkondo, tano huku, tano huku. Halafu hakuna aliyekuwa na kazi ila kungoja. Mzee Ahmada alilitia jenereta mafuta. Abrahman alikaa kwenye benchi la mlinzi akiandika maelezo yake, na kila alipoacha kalamu wanawake kumi na sita walimgeukia kwa pamoja, akaendelea. Themanini na tatu. Themanini na sita, ikakaa hapo muda ambao Riyama aliuona mrefu kuliko njia yote ya kutoka mjini. Themanini na tisa. Adhana ya alasiri ilipomalizika, tisini na mbili, na Bi Sichana akafungua macho akageuka kitanda cha pili.

"Nani huyu?"

"Mgeni wa Matumbawe, mama," alisema Mwatum. "Naye kifua."

Bi Sichana alimpima kwa macho. "Kavua viatu?"

"Kaja peku, mama."

"Haya." Akapumua, na kila mtu mle ndani alisikiliza anavyopumua. "Na yule mbona kasimama nje?"

Alikuwa Radhiya, kwenye ngazi, hathubutu kuingia wala kuondoka. Viatu vyake vyeusi alikuwa amevivua, vimewekwa safu moja na malapa ya kijiji kizima. Mwatum aliangalia pembeni. Alikuwa bado hajasamehe, na uso wake haukuficha.

"Kitu kimerudi hakijarudi?" aliuliza Bi Sichana.

"Kimerudi, mama."

"Basi mrudishieni kawa lake."

Mwatum hakujongea. Kawa lilikuwa mapajani mwake, na juu yake kibandiko cha polisi. Nje zilisikika breki za gari, na mlango wa gari ukafungwa kwa nguvu. Riyama alijua ni nani na amefuata nini. Alijua pia kwamba bila ya kawa lenyewe, picha ya simu peke yake haitamfunga msichana kwenye ukuta ule, na kwamba miaka yake kumi na minne ya kazi ilikuwa myepesi kuipoteza kuliko alivyodhani.

Alikibandua kibandiko, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni. Akalichukua kawa mapajani mwa Mwatum, akaenda nalo mpaka mlangoni, akampa Radhiya mkononi.

Halafu akavaa viatu vyake, akashuka ngazi kumpokea mkuu wake.